Nyusi ya Besi

Mimi si mtu wa kubahatisha. Nilitoka Kasense na begi moja, nikarudi kutoka Lusaka na stashahada ya urembo wa ngozi, na leo nina kliniki yangu mjini Sumbawanga.

Nilikuwa na sindano mbili za kuondoa makunyanzi kwa kulegeza misuli ya uso, nichague moja ya kuwachoma wateja. Moja hufanya kazi haraka, nyingine hukawia ila husifiwa kwa kudumu. Nikajijaribia mwenyewe kwenye paji la uso: ya haraka kulia, ya taratibu kushoto. Nani mwingine Rukwa angethubutu?

Nilisahau jambo moja tu. Jumapili ya wiki hiyo kwaya yetu ilikuwa ishindane na ya Matai, ambayo hatukuwa tumewahi kuishinda. Mikono yangu huwa kwenye kinanda, hivyo naongoza kwa nyusi: ya kushoto huita soprano, ya kulia huita besi.

Soprano wakaingia. Nikainua nyusi ya kulia kwa nguvu zangu zote. Besi kimya. Wanaume wazima wakanikodolea macho kama ng'ombe mnadani, na akina mama wakaumaliza wimbo peke yao, kanisa limetulia tuli. Hapo nikajua sindano ya kuagiza: ile ya haraka.

Tukashinda! Padri akanikabidhi kombe. "Mwalimu, kuwanyamazisha besi ni ubunifu mkubwa. Umejifunzia wapi?"

"Lusaka, Padri," nikajibu, kifua mbele.

Mzee Kristofa, kiongozi wa besi, akasimama nyuma yangu.

"Baba Padri, hakutunyamazisha. Tulikuwa tunangoja nyusi yake, na mpaka sasa haijapanda."