Nipeleke Mbuzi kwa Kosa Alilofanya Shemeji Kwenye Kompyuta?

...ndiyo maana nasema siombi msamaha, admin, hata ukikaa ukoo mzima. Nifichie jina. Nina miaka 23, nimemaliza kidato cha nne, na miezi michache iliyopita niliolewa Nyamwaga na mwanaume ninayempenda mpaka najishangaa. Akiniita "mke wangu" mbele ya wateja, nasahau hata bei ya kopi. Tuna duka la kuchapa na kutoa kopi kwenye fremu ya nyumbani kwao.

Ruta ya mtandao iko chumbani kwa baba mkwe, ndiko inakoshika vizuri. Wakurya wenzangu mnajua, mkamwana hakanyagi chumba cha baba mkwe. Ni aibu kubwa.

Juzi mume wangu alienda Mugumu kufuata wino, huku kompyuta ikakataa mtandao. Mama mkwe akampigia shemeji, kaka wa mume wangu mwenye duka kama letu Sirari, aliyekuwa kwetu siku moja kabla. Shemeji akasema, "Hiyo ruta imeguswa. Muulize bibi harusi."

Mama akanigeukia. "Nilikuona unafagia mlangoni kwa mzee. Uliingia!"

"Mama, sijaingia."

"Kwa hiyo ruta imejigusa yenyewe?"

Kufikia jioni majirani walikuwa wananiangalia kama mwizi. Baba mkwe akakihama chumba chake, akaenda kulala kwa mdogo wake.

Mume wangu aliporudi hakunifokea. Alinishika mkono, akauliza, "Simu zinashika mtandao?" Zilishika zote. "Basi ruta ni nzima, mpenzi. Kompyuta ndiyo imepoteza anwani." Akafungua mipangilio. Badala ya kuiacha ipewe anwani na ruta, mtu alikuwa ameandika namba kwa mkono, na mume wangu akazitambua, namba za duka la Sirari! Akarudisha ilivyokuwa, mtandao ukaja palepale. Nililia kifuani kwake.

Tukampigia shemeji, akacheka! "Aah, nilitaka iwe na spidi kama yangu, nikasahau. Bibi harusi, usinune bwana."

Nisinune! Mama mkwe anasema mambo ya kompyuta hayaelewi, anachotaka ni nimpelekee mzee mbuzi wa msamaha. Na mume wangu, roho yangu, ananibembeleza nikubali yaishe. Hapo ndipo ninapochemka. Nikipeleka mbuzi nimekiri, na wanangu watazaliwa wakikuta hiyo aibu.

Wenye ndoa zenu, nisaidieni mawazo: nimtii huyu ninayempenda hivi, au nisimame? Maana shemeji nimeshamwandikia: "Shikamoo shemeji. Kabla mwezi haujaisha nakuja Sirari kukusalimia. Andaa chai, namleta na mama, umweleze kwa mdomo wako."