Kobalti Katika Bahasha

Niliamini, nikiwa na akili zangu timamu na diploma yangu mfukoni, kwamba Amerika inachagua wageni wake kwa sumaku. Barua za bahati nasibu ya visa, tuliambiwa, zinamwagwa katika hangari kubwa kuliko mji wetu wa Likasi na Kapolowe jirani yake zikiwekwa pamoja. Kisha kreni inashusha sumaku yenye ukubwa wa lori. Barua zitakazoing'ang'ania ndizo zinazopata visa. Zinazobaki chini zinafagiwa.

Aliyenipa habari hiyo alikuwa jirani yangu, dereva wa kreni kwenye uwanja wa vyuma chakavu wa kiwanda. Kwa miaka yote niliyomjua alikuwa akishusha sumaku, akiinua, akiangusha. Kiwanda kilipoanza kusimama, karakana moja baada ya nyingine, alibaki na nafasi nyingi mno ya kufikiri.

"Barua mamilioni, banafanya namna gani?" aliniuliza barazani kwangu. "Banasoma moja moja? Bazungu habana ule mutima. Ni kreni tu, mukubwa."

Mtu mwingine angecheka. Mimi nilikuwa nimesoma umeme miaka sita katika shule ya jioni, baada ya kazi, nikisinzia mpaka paji la uso likachora alama kwenye dawati. Kwa hiyo sikucheka, nilimsahihisha tu kuhusu metali inayofaa. Watu wa mtaa wetu walikuwa wakitia nyuzi za shaba ndani ya bahasha zao, na hao ndio niliowacheka mpaka mbavu zikauma. Shaba na sumaku wapi na wapi! Kobalti ndiyo inayovutwa. Nami nilikuwa na kipande cha kobalti, chembamba kama ukucha wa kidole gumba, nilichokitunza tangu zamani kama mama anavyotunza jino la kwanza la mtoto. Nilikibandika nyuma ya picha yangu ya maombi. Nikatoa sumaku katika spika ya redio iliyokufa, nikaisogeza karibu, na bahasha ikaruka kama chura.

"Papa," mke wangu akasema, "na kama batazania ni bombe?"

"Mama, batajua tu ni muntu wa Likasi."

Nilicheka sana mwaka ule, na nilikuwa na sababu ya kucheka kwa sauti. Mke wangu alizaliwa Likasi, lakini wazazi wake walitoka Kasai. Watu wa Kasai walipofukuzwa mkoani kwetu kwa kuitwa wageni, wazee hao walilala kwenye saruji ya stesheni wiki nyingi wakingoja treni, kisha wakapanda behewa la mizigo, wakaenda. Yeye alibaki kwa sababu yangu. Tulidhani mambo yamekwisha.

Ndipo akaja kijana mmoja mwenye shati lililopigwa pasi na mita ya kupimia mfukoni. Alisalimu vizuri kuliko shemasi. Akapima baraza letu, urefu na upana, akaandika.

"Ni ya nini?" nikamuuliza.

"Napima tu, papa. Usikuwe na wasiwasi. Mama wa hapa, kwabo ni wapi?"

"Kwabo ni hapa," nikasema.

Akatabasamu, akaandika hilo pia.

Posta yetu ilikuwa imebaki na dirisha moja na mwanamke anayefuma sweta, basi barua yangu niliipa mama mmoja wa biashara aliyekuwa akienda Zambia kuleta unga. Aliipima kiganjani. "Barua gani hii nzito? Umeweka na bibi yako ndani?" Tulicheka wote, isipokuwa mke wangu.

Mama yule yule aliporudi aliniletea barua kutoka Zambia. Ilitoka kwa mwalimu wangu wa zamani wa shule ya jioni, ambaye alikuwa amepata kazi katika karakana ya mgodi huko. Aliandika kwamba wanatafuta mafundi umeme wawili. Nitume nakala ya diploma yenye muhuri, na cheti cha ndoa, ndani ya mwezi mmoja.

Mwezi mmoja! Mimi niliyekuwa nimekwisha kumwahidi dereva wa kreni kwamba nitamtumia gari! Zambia niliiona kama chumba cha nyuma cha nyumba yetu. Barua nikaiweka chini ya redio iliyokufa, nikaendelea kungoja Amerika.

Kijana wa mita akaja mara ya pili, safari hii na mke wake. Mke huyo aliingia jikoni bila kukaribishwa, akafungua bomba, akalifunga. "Maji inafika," alimwambia mumewe. Mke wangu alikuwa amesimama pale pale, mwiko mkononi, na hakuna aliyemtazama.

"Mungemuambia moshi inarudia ndani," nilimtania mke wangu walipoondoka. "Pengine angeacha."

Tangu siku ile mke wangu akawa anakunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

Majira ya majibu yakapita. Amerika haikuandika. Nikaanza kuuliza njia nyingine, na kila mtu mjini alikuwa balozi. Visa ya masomo ya Ubelgiji ilitaka mtu wa kukudhamini huko, na Mbelgiji pekee niliyemjua alikuwa kaburini. Afrika Kusini, walisema, unavuka kwanza halafu unaomba kazi. Wengine wakasema mwaliko wa kanisa unatosha, nikaimba kwaya wiki tatu kwa sauti iliyowaondoa waumini wa zamani.

Kijana akaja mara ya tatu. Hakupima kitu. Aliuliza tu, kwa heshima, kama mlango wa nyuma una ufunguo wake.

Tulikuja kuvuka kwenda Zambia, lakini mwaka mwingine, bila kibali, tukiacha sufuria juu ya mbabula, jiko letu la makaa, na moto ukiwaka ili ionekane tupo. Kabla ya hapo, asubuhi iliyofuata swali la ufunguo, nilikwenda kwa miguu na kwa lori mpaka misheni ya Mulungwishi, kwa mwalimu mzee wa Kiingereza aliyekuwa na karatasi ya masharti ya ile bahati nasibu. Nilimweleza yote: kreni, kobalti, barua iliyo chini ya redio. Sikutia chumvi hata kidogo, na hiyo peke yake ingemtisha mtu anayenijua.

Hakucheka. Aliisoma karatasi mpaka mwisho, akavua miwani.

"Sumaku hakuna, mwanangu," akasema. "Ni kompyuta inachagua. Wanataka karatasi na picha tu. Bahasha yenye kintu kingine, wanaitupa bila kuisoma. Na kazi ya Zambia haikukuwa bahati nasibu. Kibali cha kazi anaomba shefu wa kazi wa kule, weye ukiwa ungali huku, na jina ya bibi yako inaandikwa pamoja na yako. Kama ungemujibu mwalimu wako ule mwezi, mungekuwa mumeshafika."