Masikio ya Kushoto ya Darasa la Nne

Niliondoka mtaani Kamunyonge asubuhi moja bila kumuaga mtu, shati langu la pili likiwa ndani ya mfuko wa sukari. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la tano, na kila kazi niliyoipata mjini Musoma ilinichosha kabla sijaizoea. Kwenye barabara ya Bunda nilikuta Landrova ya afya imegoma kuwaka, nikaisukuma. Muuguzi aliyekaa mbele, mama mwenye sauti nzito, akaniuliza naenda wapi. Nikamwambia popote.

"Basi panda. Hii huwaga inazimika kila kijiji."

Hivyo nikajikuta kwenye shule ya kijiji kimoja cha ujamaa nje ya Bunda, katikati ya mashamba ya pamba, nikimsaidia kupima masikio ya watoto. Kipimo kilikuwa rahisi. Mimi niliziba sikio moja la mtoto kwa kiganja. Muuguzi alisimama nyuma, mtoto asimwone midomo, akanong'ona: ng'ombe, mbuzi, jembe. Mtoto arudie.

Darasa la tatu lilikwenda vizuri, kwa kicheko. Mwalimu wa darasa la nne yeye alikigeuza kipimo kuwa mtihani. Aliwaambia watoto wake kwamba atakayemwaibisha mbele ya wageni atamtambua. Wakaingia, wengine wakitaja ng'ombe kabla muuguzi hajafungua mdomo. Muuguzi akabadilisha maneno. Hapo wakaanza kunyamaza mmoja baada ya mwingine, kila mara nilipoziba sikio la kulia. La kushoto halikusikia kitu. Muuguzi alimulika ndani kwa kurunzi, akaona usaha, akasonya.

Kisha akaja msichana mwembamba ambaye kila akiongeleshwa aligeuza uso pembeni, kuleta sikio lake la kulia. Nikaliziba. Muuguzi akanong'ona. Kimya.

Mwalimu alikuwa akichungulia dirishani. Akaingia.

"Unaona anavyogeuza shavu? Huyu ananidharauga hivi kila siku."

Kiganja changu kilikuwa bado kwenye sikio lake la kulia kofi lilipotua kushoto. Kichwa cha mtoto kilinigonga kifuani. Usaha ukatoka pamoja na damu, ukashuka hadi kwenye kola.

Muuguzi hakupaza sauti. "Mwalimu, unapigia mkono gani?"

"Huu."

"Wa kulia. Unasimama mbele yao, unapiga wa kulia, linapasuka sikio la kushoto. Darasa zima umelipasua."

"Nisipopiga watasoma?"

"Huyu amebakiwa na sikio moja. Hilo nalo likipigwa, hatasikia tena hata akiitwa jina."

Wazazi walikuwa wameitwa siku hiyo, wamekaa nje ukutani. Baba wa msichana, mfugaji mrefu, alikuwa amesogea mlangoni aliposikia kofi. Aliyasikia yote. Fimbo ilimshukia mwalimu kichwani kabla yeyote hajageuka, ikashuka tena. Nikamkamata baba kwa nyuma.

"Niachie, mura, kijana wee."

Kiwiko chake kikanipata mdomoni, nikamwachia. Mwalimu alianguka katikati ya madawati, ameshika sikio lake, damu ikipita kwenye vidole. Fimbo ikavunjika. Baba akaendelea na kipande kilichobaki mpaka mwalimu mkuu akaja mbio, mimi naye tukamkalia mgongoni.

Nje walimu walikuwa wametoka na majembe ya shamba la shule, na wazazi wameokota mawe. Muuguzi alimfunga mwalimu kichwa haraka, akahakikisha anapumua, akamshika msichana mkono.

"Mama, mwondoe na huyu baba," mwalimu mkuu akamwambia. "Mgambo wakichelewa watauana hapa."

Jiwe lilivunja taa ya gari tukiwa tunapanda.

Gari likashika njia ya Butiama. Muuguzi alikuwa na kazi huko wiki ile, na sikio lilihitaji kusafishwa kila siku, lisiingie maji. Mtoto angekaa karibu naye. Baba alitazama mikono yake.

"Mimi pia nampigaga," akasema. "Nikimwita malishoni haitiki. Lakini mgongoni tu."

"Alikuwa haitiki kwa sababu hasikii."

"Sasa nimejua."

"Basi mgongo nao uache."

Msichana alikuwa katikati yetu, ameshikilia pamba sikioni, akitutazama midomo kwa zamu.

Butiama, nyumba ya kwanza tuliyoomba malazi ilitukataa. Kwenye nyingine, karibu na zahanati, mama mwenye nyumba alisimama mlangoni akaliangalia shati la baba, kisha mdomo wangu.

"Damu ya nani hiyo?"

"Ya mwalimu," baba akasema.

"Na huyu?"

"Hiyo ni yake mwenyewe," muuguzi akasema. "Huyu baba kesho atakwenda kujieleza kituoni, nitampeleka mimi. Mtoto ndiye anayehitaji kitanda."

Mama akainama, akamuuliza msichana jina. Msichana akageuza uso pembeni. Mama akasogea upande wa sikio lile la kulia, akauliza tena, akajibiwa.

"Mtoto apite," akasema. "Nyie wawili mtalala stoo, na hayo mashati myafue kwanza."