Kanga Kwenye Kilima cha Theluji

Majira ya baridi yaliyopita nilikuwa nampeleka mama kwenye sherehe ya kuvishana pete huko Richmond Hill, nikakosea njia. Tukajikuta kwenye mtaa wa nyumba mpya zilizofanana kama mapacha, kila moja na mti mmoja mbele uliopandwa juzi. Mama alitazama dirishani, kisha akasema, "Simamisha gari. Hapa ndipo palipokuwa na kilima."

Nikabisha. Kilima gani, na barabara yote tambarare kama meza? Akalinyooshea kidole kanisa dogo la matofali ng'ambo ya pili. Lilikuwa lilelile. Wamekikata kilima, rafiki yangu. Wamekisawazisha kwa matingatinga, wakajenga nyumba juu yake, halafu bila haya mtaa wakaupa jina la mlima. Nilikasirika mpaka nikashindwa kuendesha, kwa hiyo tulikaa pale garini, na nitakuambia tulichokuwa tunakikumbuka.

Miaka ya tisini tulikuwa tunaishi Regent Park, mjini Toronto, ghorofa ya tatu. Mama, mimi wa miaka kumi, na mdogo wangu ambaye bado alikuwa anabebwa. Baba alikuwa amebaki Morogoro akisubiri karatasi za uhamiaji, na karatasi zile zilikuwa na mwendo wao. Mama alikuwa anahudumia wazee kwenye nyumba yao ya kulelewa, akirudi ananukia sabuni ya hospitali. Asubuhi tunakunywa uji, glavu zetu mbichi zimeanikwa juu ya bomba la joto linalokoroma ukutani. Mama anasema Kiswahili, mimi najibu Kiingereza. Nilikuwa nimeshaanza ujinga huo.

Mwalimu wangu alikuwa mpole, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Angekuwa mkali ningemsahau. Shule ilipanga kupeleka darasa letu kwenye milima ya kuteleza kwa skii, zile mbao mbili nyembamba unazofunga miguuni, na yeye akaniita pembeni. Akaniambia kwa sauti ya asali kwamba mimi natoka nchi ya joto, nisihangaike, nitabaki maktaba na vitabu vizuri. Nilimshukuru. Mpaka leo najiuliza nilimshukuru kwa lipi.

Mama aliposikia, hakula. Kesho yake alikwenda shuleni na sare yake ya kazi, akamwambia mwalimu kwamba huruma isiyoombwa ni dharau iliyovaa nguo nzuri. Kwa Kiingereza chake cha wakati ule sijui ilitokaje, lakini mwalimu aliielewa. Wakakubaliana hivi: nikileta barua ya mtu anayejua skii kwamba nimeshuka kilima peke yangu bila kushikwa, nitakwenda. Nisipoleta, maktaba. Tulikuwa na Jumapili tatu.

Sasa mama alikuwa hajui skii wala hajui mtu ajuaye. Ila mlango wa pili kulikuwa na bibi wa Kijapani, mjane, ambaye alikuwa akituletea machungwa na mama akimpelekea chapati. Mama akamgongea akamwelezea. Kuuliza si ujinga, alisema. Bibi akacheka huku amefunika mdomo kwa kiganja, akasema kaka yake ana kilima.

Kweli alikuwa nacho. Yule mzee alikuwa amekitengeneza mfano wa vilima vya kijijini kwao Japani, vya watoto na bibi zao. Hakuna mashindano, hakuna muziki. Kamba moja tu iliyovutwa na injini kuukuu yenye harufu ya dizeli. Unaishika, inakupandisha juu. Chini kulikuwa na kibanda cha mbao, na mlangoni viatu vimepangwa jozi kwa jozi, maana hakuna aliyeingia navyo ndani. Mama alipoviona alishusha pumzi. "Hapa tumefika kwa watu," akasema.

Kibandani walipika wali na mchuzi mzito wa kahawia. Mama alionja, akaninong'oneza, "Wametia sukari kwenye mchuzi." Akala sahani mbili. Alitoa chapati zetu kwenye kanga, yule mzee akachovya kwenye mchuzi wake, na kuanzia hapo kila Jumapili alikuwa anamwangalia mama mikono kwanza kabla ya uso.

Mdogo wangu alikuwa mgongoni kwa mama, amefungwa mbeleko juu ya koti. Watu wengine Toronto walikuwa wakitushangaa kwa hilo barabarani. Bibi wa Kijapani alizunguka nyuma ya mama, akaligusa fundo, akasema yeye naye alibebwa hivyohivyo, na mama yake alikuwa akizoa theluji naye mgongoni. Akampokea mtoto, akamfunga mgongoni mwake kwa kanga ileile, akakaa naye kibandani siku nzima. Hapo mama akabaki na mikono mitupu, na kanga ya pili.

Hiyo ya pili akanifunga mimi kiunoni. Fundo la mbeleko, lile lisilofunguka. Mimi mzee aliniazima skii; yeye alikuwa hana, ana buti tu, akawa anashuka nyuma yangu akiushikilia upindo wa kanga kwa mikono yote miwili. Nikienda kasi anavuta, nikisimama ananigonga. Mara ngapi aliteleza akaburutwa kwa makalio mpaka chini, hata sihesabu. Watoto wa Kijapani walicheka, mama naye akacheka, lakini upindo hakuuachia. Jumapili ya kwanza ikapita hivyo, na ya pili.

Jumapili ya tatu mzee akasema haandiki barua. Si kwa ubaya. Alisema tu, "Mtoto anateleza vizuri. Anayeshikwa ni mama."

Tukapanda juu sote wawili. Ilikuwa alasiri, upepo unachoma masikio. Mama akaukaza upindo wa kanga mikononi. "Nikikuachia ukavunjika mguu, nitamwambia nini baba yako?" akasema. Mimi nilikuwa naogopa pia, nisikufiche. Niliogopa kilima, lakini maktaba niliiogopa zaidi. Nikamjibu kwa Kiswahili, baada ya miezi ya kumjibu Kiingereza: "Mama, niachie."

Akanitazama. Kisha akasema, kama anajiambia mwenyewe, "Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga," akafungua vidole.

Nilishuka. Kanga ilipepea nyuma yangu, ile yenye maandishi ya *Mtasema mchana, usiku mtalala*, na mimi nilikuwa napiga kelele sijui za woga au za furaha. Kusimama nilikuwa sijajifunza, maana siku zote breki ilikuwa mama. Nikapitiliza kibanda nikajizika kwenye lundo la theluji pamoja na koleo la mzee. Alinifukua, akanipangusa uso, akaandika barua palepale: nimeshuka kilima, peke yangu, bila kushikwa. Habari ya kusimama hakuiandika.

Mwalimu aliisoma mara mbili. Siku ya safari akaniambia niiache ile kanga ndani ya basi, nikamwambia hapana. Neno moja, la kwanza la aina yake maishani mwangu. Nilianguka mara mbili nikainuka mara mbili. Jioni akaniuliza kwa upole wake kama kumbe kwetu kuna theluji. Nikamwambia iko, Richmond Hill.

Bibi wa mlango wa pili alishafariki. Kaka yake pia. Majengo yetu ya zamani Regent Park yamebomolewa, na kilima nimeshakuambia. Watu wananiambia ndivyo miji ilivyo, nizoee. Sizoei. Palikuwa na mahali katika nchi hii ambapo mama yangu alivua viatu mlangoni akapumua, na sitaki kusikia kwamba mtaa wa nyumba mapacha ni maendeleo.

Siku ile tuliyokosea njia, mama alifungua mlango wa gari akashuka. Ana miaka sabini na ushee, magoti yamechoka, njia imeganda. Nikakimbia nikamdaka mkono. Amevaa kanga yake juu ya koti, kama kawaida yake, wenye mtaa wanatuchungulia madirishani. Alitaka kutembea hadi pale kibanda kilipokuwa.

"Utaanguka," nikamwambia.

"Mwanangu," akasema, "niachie."

Nikamwachia mkono. Upindo wa kanga nikaushika, nikamfuata nyuma.