Jiko la Mkaa Bulgaria

Bulgaria niliipendea bei zake. Chumba, mkate na nauli nilivimudu kwa kibarua cha ghalani. Kilichonitisha ni gharama ya umeme wa kupasha joto wakati wa baridi. Nikanunua jiko dogo la kuchomea nyama, nikawasha mkaa nje, ulipokolea nikauingiza chumbani, kama tulivyofanya nyumbani Mbeya kila Juni.

Jioni hiyo mama akapiga simu kutoka Soweto, mtaani kwetu Mbeya.

“Mbona unaongea kama mlevi?”

“Kichwa tu, mama. Naota moto wa mkaa.”

“Umefungua dirisha?”

Sikuwa nimefungua. Nyumba yetu ilipitisha upepo chini ya bati. Chumba hiki kilizibwa kila upenyo.

“Fungua sasa hivi! Nataka nisikie!”

Miguu ikanigomea. Nilitambaa ukutani, mama akipiga kelele sikioni, nikahisi sitafika. Kitasa cha dirisha kilipozunguka, baridi ilinipiga usoni nikalia.

Nimesharudi Mbeya. Juni mama akiingiza jiko ndani, mimi huketi mlangoni.

“Sogea, mzungu wangu, utaganda!” hunitania.

Sisogei.