Nilivyoanika betri za cordless juani, simu ya Mama Achol ikapotea

Wakuu, habari zenu. Mimi huwa nasoma tu humu. Naandika polepole, mnivumilie. Sitaongeza chumvi.

Mwaka jana, 2012, niliishi kwa shangazi, Nawoitorong, hapa Lodwar. Alikuwa na laini ya simu ya nyumbani, na simu yenyewe ni cordless moja tu, ile isiyo na waya: handset ya kushika mkononi, na base ya kuichajia iliyounganishwa na laini.

Rafiki yake Mama Achol, Msudani Kusini anayeuza nguo Kakuma, alikuja kwetu kungoja simu. Kaka yake alipotea wakati wa vita. Sasa alikuwa amepatikana, na angepiga saa kumi kwa simu ya kuazima. Namba aliyopewa ni ya shangazi.

Asubuhi hiyo handset ikawa inalia tii tii, inazima. Nikasema niachieni, najua betri.

Kwetu betri za tochi zikichoka tunazianika, zinapata nguvu kidogo. Wengi mmefanya, msinicheke. Nikatoa zile mbili za handset, nikaziweka juu ya mabati. Jua letu mnalijua.

Saa tisa nikazishusha. Zimevimba, moja inavuja maji. Nikazirudisha hivyo hivyo. Screen haikuwaka.

"Imepona?" Mama Achol akauliza.

"Bado kidogo, mama."

Saa kumi base ikaita. Laini ilikuwa nzima, wakuu.

Mama Achol akabonyeza handset, akabonyeza tena. Kisha akainama, akaweka sikio kwenye base, akawa anaita jina la kaka yake. Ikalia mpaka ikanyamaza.

"Wewe si ulisema unajua betri?" shangazi akanigeukia.

"Zilikuwa mbovu tangu dukani."

"Mwache," Mama Achol akasema. "Amejaribu."

Kesho yake fundi akafuta vyuma vya chaji kwa kitambaa. Vumbi tupu. Akatia betri mpya, ikafanya kazi. Mama Achol alingoja siku tatu. Haikuita. Akarudi Kakuma.

Nilichojifunza: cordless ikizima, futa kwanza vile vyuma vya base na handset. Betri za kuchaji hazianikwi. Na kama hujui, sema hujui. Jirani alikuwa na simu ya waya, tungeichomeka dakika moja.

Juzi nilimwona Mama Achol sokoni Kakuma. Akaniita, "Ejok, mwanangu." Nikajifanya sikusikia, nikapita. Mpaka leo anaamini betri zilikuwa mbovu tangu dukani.

Wakuu, mngekuwa mimi mngeanza kumwambia vipi? Hata mkinitukana nitasoma.