Sukari ya Shosho

Leo stima ilipopotea na friji ikazima, nilimwagia maji mchanga uliomo chunguni, na harufu yake ikanirudisha utotoni, chumbani kwa shosho, nyanya yangu, kule Thika. Majirani walikuwa wakisema shosho ana sukari, lakini chai yake haikuwa na utamu hata kidogo. Nikajua ameificha. Alipotoka kuanika nguo, nilifukua chungu chake cha mchanga, nikapata kichupa baridi. Kikaniponyoka.

Shosho aliingia, akakiokota, akakiinua kwenye mwanga wa mlango.

“Ngai! Hakijapasuka,” akasema, akashusha pumzi. Kisha akacheka. “Hii ni dawa ya sukari. Friji hatuna, mchanga ndio huipoza.”

Akanishika mkono, tukakizika tena pamoja.

Kichupa cha leo ni changu. Nimekizika polepole, kama alivyonionyesha shosho.